Jerikani tisa

"Mama, tangu Nakuru nimekunywa soda moja tu. Sasa huu wote umetoka wapi?"

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara ya zahanati moja hapa Busia, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, kikopo cha plastiki mkononi, kifuniko amekikaza kama anayeogopa kilichomo kitamrukia. Ndani mlikuwa na mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Kijana wa maabara alikipokea, akakiinua usawa wa dirisha, akakiinamisha kidogo kulia, kidogo kushoto. Swali hakulijibu. Alichomoa kijiti chembamba chenye viraka vya rangi, akakichovya, akakung'uta tone la mwisho ukingoni mwa kikopo, kisha akakilaza kando ya chati iliyobandikwa ubavuni mwa chupa ya vijiti, midomo yake ikihesabu sekunde bila sauti.

Mimi nilicheka. Mjomba ana miaka 58, anaendesha trela kati ya Mombasa na Kampala tangu mimi niko shule ya msingi, na bado anauliza maswali ya mtoto wa darasa la pili.

Kicheko kilikatika tulipofika nyumbani.

Nilijaribu kumjibu, nikashindwa.

## Bomba

Nikiri tu kwamba picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya bomba. Unakunywa maji huku juu, yanashuka tumboni, yanatokea kule chini. Figo liko mahali fulani katikati, kama kichujio cha chai, linazuia takataka. Sekondari nilichora figo lililopasuliwa, nikaandika majina pembeni, nikapata alama zangu. Picha ya bomba haikutikisika hata kidogo.

Swali la mjomba ndilo lililoitikisa. Kama mkojo ni maji ya kunywa yaliyopitiliza, basi asiyekunywa asikojoe. Na yeye alikuwa amekaa kwenye foleni ya malori upande wa Kenya usiku mbili, joto la kabini, soda moja, na kikopo kimejaa.

Nilipoanza kusoma nilifarijika kidogo, maana sikuwa mjinga peke yangu. Asclepiades, tabibu Myunani aliyejijengea jina Roma, alifundisha kwamba maji tunayokunywa hugeuka mvuke na kupenya mpaka kwenye kibofu, na mafigo yako pale bila kazi ya maana. Galen, tabibu mwingine Myunani wa karne ya 2, alikasirishwa sana na maneno hayo. Alichukua mnyama aliye hai, akafunga kwa uzi ile mirija miwili inayoshuka kutoka kwenye mafigo. Kibofu kikabaki kitupu, mirija ikavimba juu ya fundo. Alipofungua fundo, kibofu kikajaa.

Kwa hiyo mkojo hautoki tumboni. Unatoka kwenye damu.

Soda ya mjomba ilipofika utumboni ilinyonywa, ikachanganyika na maji yaliyokuwamo: ya jana, ya juzi, ya uji wa wiki iliyopita. Mtu mzima wa kilo 70 ana kama lita 40 za maji mwilini. Kile kikopo kilichotwa humo.

Nilimpigia simu kumwambia. Akasema, "Sawa. Lakini kwa nini mwili uchote wakati unaona sina?"

Mzee huyu.

## Kalkuleta ya simu

Moyo wa mtu aliyetulia husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Zaidi kidogo ya lita moja kati ya hizo huenda kwenye mafigo, vitu viwili vya ukubwa wa ngumi, kila kimoja uzito wa gramu 150 hivi. Lile la kulia hukaa chini kidogo kuliko la kushoto kwa sababu ini limelikalia kichwani.

Ndani ya kila figo kuna nefroni zipatazo milioni moja. Zote tumezaliwa nazo. Ikifa moja haioti nyingine. Kila nefroni inaanza na kifundo cha vishipa vyembamba vilivyosokotana, kinaitwa glomerulasi. Marcello Malpighi, tabibu Mwitaliano, alivieleza vifundo hivyo mwaka 1666 kwa hadubini ya enzi zake. Ilichukua mpaka 1842 kwa William Bowman, kule London, kuonyesha kwamba kila kifundo kimekaa ndani ya kikombe, na kikombe hicho ndicho mwanzo wa mrija.

Mshipa unaoingiza damu kwenye kifundo ni mpana kuliko ule unaoitoa. Wengi wanaingia kwa mlango mkubwa, wanatokea kwa mdogo, na ndani ni msongamano. Shinikizo hilo ndilo linalokamua maji ya damu yapite kwenye kuta za vishipa na kudondokea kikombeni. Chembe za damu hazipiti, protini kubwa hazipiti. Kila kidogo kinapita: chumvi, sukari, urea, vitamini, vizuri na vibaya pamoja.

Mililita 125 kwa dakika. Hata nusu ya chupa ya soda haifiki, nikaona ni sawa tu.

Kisha nikazidisha kwa saa, nikazidisha kwa siku. Nikafuta, nikarudia. Mara tatu.

Lita 180.

Tuliokua hapa tunajua lita 180 ni nini. Ni jerikani tisa za njano, zile za lita ishirini. Ni muuza maji wa mtaani kwetu, amefunga jerikani kwa mipira ya matairi, anasukuma baiskeli kupanda kilima kifua kikikaribia usukani, na itambidi arudi kisimani tena kwa sababu tisa hazibebeki mara moja. Kila siku. Ndani yangu mimi niliyekaa ofisini.

Na maji ya damu, ule umajimaji wa manjano chembe zikitolewa, ni kama lita 3 tu kwa jumla. Ina maana yote yanamwagwa nje na kurudishwa mara 60 kati ya asubuhi moja na nyingine.

Mkojo wa siku nzima ni lita moja na nusu hivi.

Hapo nilikwama karibu wiki mbili. Kujua kwamba jerikani nane na kitu zinarudi ndani hakukunisaidia. Shida yangu ilikuwa moja: kama unazitaka, kwa nini ulizitoa? Ukiona mama anamwaga pipa zima la maji uani kisha anayazoa kwa kikombe ili aache nje glasi moja chafu, utamwitia mganga.

## Lori lilipopakuliwa

Mimi ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni karatasi: nazipeleka dirisha hili, nazirudisha dirisha lile, nampigia mwenye mzigo, nangoja. Siku moja mwezi uliopita lori la mteja lilichaguliwa kwa ukaguzi kamili. Mtu yeyote wa mpakani anajua maana yake. Vibarua sita, jua la saa saba, kila katoni chini.

Kwa kawaida mkaguzi ana orodha ya vitu vilivyokatazwa, anavitafuta. Ni njia ya haraka, na mlanguzi anaijua vizuri kuliko mimi. Yeye huleta kitu ambacho bado hakijaingia kwenye orodha, au hukipa sura ya kingine.

Siku hiyo walifanya kinyume. Lori lilipokuwa tupu kabisa, ofisa alishika makaratasi yangu na kuanza kusoma: sabuni, katoni mia mbili, pakieni. Betri, pakieni. Vyombo vya plastiki, pakieni. Vibarua wakarudisha kilichotajwa, kimoja kimoja. Mwisho lori likajaa, na pale sakafuni zikabaki katoni tatu ambazo hazikutajwa popote. Hakuna aliyezitafuta, na mpaka dakika ile hakuna aliyejua zina nini. Zilibaki tu.

Nilisimama na faili kifuani, vibarua wananitazama.

Figo halina orodha ya uchafu. Lina orodha ya mali.

Linapakua lori lote. Halafu chembe zilizopanga kuta za mrija, kila aina ina milango yake, zinaita: sukari, ndani. Sodiamu, ndani. Amino asidi, ndani. Maji yanaifuata chumvi. Katika sehemu ya kwanza tu ya mrija, thuluthi mbili hivi ya maji na chumvi imekwisha kurudi kwenye damu, na sukari yote. Kisichoitwa na yeyote kinaendelea na safari. Urea, ambayo ini huitengeneza kutokana na mabaki ya protini, huitwa nusu nusu. Kreatinini ya misuli haiitwi kabisa. Na sumu ambayo babu zetu hawakuwahi kuiona, dawa iliyobuniwa kiwandani mwaka jana, nayo inatoka bila figo kulazimika kuifahamu, mradi ni ndogo, inayeyuka majini, na haikung'ang'ania protini za damu. Zile za mafutamafuta ini huzigeuza kwanza ndipo zikubali kutoka.

Hayo ndiyo niliyoyangoja wiki mbili. Mchujaji anayetafuta uchafu lazima aujue. Huyu hahitaji.

Sitaki kupamba kupita kiasi, figo lina mlango wa nyuma pia. Vitu vingine huvisukuma nje kwa makusudi, bila kungoja zamu ya kuchujwa. Penisilini ni kimojawapo, na inatoka kwa kasi: mwaka 1941 pale Oxford, walipomtibu kwa dawa hiyo mgonjwa wao wa kwanza, askari polisi, akiba ilikuwa ndogo hata wakawa wanaikamua tena kutoka kwenye mkojo wake. Haikutosha. Alifariki.

Halafu kuna suala la wapagazi. Wapagazi wa Busia hawahitaji utambulisho; neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwenye mpaka huu, wakati baiskeli zilipokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Mpagazi ana kiasi chake. Milango ya sukari nayo ina kiasi chake. Sukari ya damu ikipita milimoli 10 hivi kwa lita, mzigo unawazidi, inayobaki inatoka na mkojo, na inatoka na maji mengi. Bibi zetu walikuwa wakiona sisimizi wamekusanyika pale mtu alipokojoa, wanajua. Hawakuwa na kijiti cha viraka.

Kilichonishangaza zaidi ni nani analipa. Kupakua hakuligharimu figo karibu chochote, ni shinikizo la moyo linafanya. Kurudisha ndiko kwenye gharama, hasa kuivusha sodiamu. Mafigo hayafiki hata asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini hutumia asilimia 7 hadi 10 ya oksijeni yote ya mtu aliyepumzika.

## Sangara wa chumvi

Nikarudi kwenye swali la pili la mjomba. Kwa nini mwili uchote wakati hauna?

Kwa sababu urea na chumvi iliyozidi haviwezi kutoka vikavu, lazima vibebwe na maji. Figo la binadamu likijibana sana linaweza kutoa mkojo uliokolea mara nne ya damu, si zaidi. Uchafu wa siku ya kawaida kwa ukolezi huo unahitaji kama nusu lita. Hiyo ni kodi, hailipwi kwa mkopo. Unywe usinywe, inakatwa.

Linakoleaje? Hapa vitabu viliniumiza kichwa mpaka nikakumbuka samaki.

Mama yangu aliwahi kuuza sangara wa chumvi, wale wanaokwenda mpaka Kongo. Unampasua, unampaka chumvi ya mawe, unampanga kwenye beseni. Asubuhi samaki amekauka, amekakamaa, na beseni lina maji. Hakuna aliyemkamua. Chumvi ilikaa nje yake, maji yakaifuata.

Sehemu ya ndani ya figo ni beseni la chumvi. Kila mrija unashuka humo, unapinda kama pini ya nywele, unapanda tena; pindo hilo linaitwa kwa jina la Jakob Henle, Mjerumani aliyelieleza miaka ya 1860. Upande unaopanda una tabia ya ajabu: unatupa chumvi nje lakini hauruhusu maji yaifuate. Chumvi inarundikana. Kadiri unavyozama ndani ya figo ndivyo inavyozidi kuwa kali. Kisha mkojo unaokaribia kukamilika unapitishwa kwenye mrija mwingine unaokata katikati ya chumvi hiyo, kama samaki anavyolazwa beseni.

Ila mrija huu wa mwisho una vimilango vya maji vinavyofungwa na kufunguliwa. Anayeamuru ni ubongo. Damu ikikolea hata asilimia moja au mbili, ubongo unahisi, unakuletea kiu, na kupitia tezi ya pituitari unamwaga homoni ya vasopresini. Vimilango vinafunguka, maji yanakimbilia chumvi na kurudi kwenye damu, unabaki na mkojo mchache na mkali. Ukinywa maji mengi homoni inakatwa, vimilango vinafungwa, mkojo unatoka mwingi na mweupe. Vimilango hivyo, akwaporini, ndivyo vilivyompa Peter Agre wa Marekani Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Pombe huizima homoni hiyo, ndiyo maana waragi inakukausha huku ikikusimamisha kila dakika kumi.

Kijiti cha yule kijana kilisoma 1.030, yaani uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji. Maji matupu ni 1.000. Mafigo ya mjomba yalikuwa yamemlaza beseni usiku mbili.

## Kuhusu ile rangi

Umanjano wa mkojo ni damu iliyokufa. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Zikivunjwa, rangi yake hupitia ini, ikashukia utumboni, bakteria wakaigeuza, sehemu yake ikarudi kwenye damu na kuishia kwenye mkojo kama urobilini. Kimeng'enya ambacho bakteria hutumia kwa kazi hiyo kilitambuliwa mwaka 2024 tu. Watu wamekodolea macho mkojo tangu zama za kale, na rangi yake imekuja kueleweka vizuri wakati mimi ninalipa kodi.

Mjomba alihofia kichocho. Nilimwambia kichocho cha huku ziwani kwetu hukaa zaidi utumboni. Kile cha kibofu, chenye kuleta damu, kinajulikana zaidi upande wa Lango, kaskazini mwa Uganda. Kijana wa maabara alikuwa na hofu nyingine, nayo aliisema baadaye akinawa mikono: kwa watoto wa huku mashariki, Mbale, Soroti, mkojo wa rangi ya kola unawatisha sana wahudumu. Malaria inaweza kuzivunja chembe nyekundu kwa wingi mpaka rangi yake inamwagika moja kwa moja kwenye mkojo. Mtoto akikojoa hivyo hakuna kungoja asubuhi.

Kwa mjomba kijiti hakikuonyesha damu wala sukari. Kilionyesha protini kidogo tu.

"Mzee, unameza dawa gani?" kijana akauliza.

## Vidonge vya mgongo

Mjomba akaingiza mkono mfukoni, akatoa bahasha ndogo ya kaki isiyoandikwa kitu. Diklofenaki, ya mgongo. Anainunua duka moja la dawa njiani, kumi kwa bei ya kikombe cha chai, na akiwa kwenye foleni anameza moja asubuhi, moja jioni, nyingine akiona inafaa. Madereva wenzake wote wanafanya hivyo.

Mimi nilikuwa nimemnunulia kitu kingine. Naona aibu kuandika hili. Kwenye basi la Kampala alipanda kijana na chupa za maji ya majani, anasema yanasafisha figo, yanatoa uchafu wa miaka kumi. Nilinunua mbili. Moja nikampa mjomba, akanywa yote kwa siku tatu ili kunifurahisha. Nilikuwa bado na kichujio cha chai kichwani, nacho kinaziba, nacho kinasuguliwa. Sasa niambie, unasafisha nini kwenye kitu kinachojisuuza kwa jerikani tisa kila siku?

Hatari ya mjomba ilikuwa mlangoni. Mwili ukikauka, damu inapungua nguvu, na figo linajitetea kwa kuupanua ule mshipa wa kuingilia ili msongamano usiishe. Linautanua kwa kemikali zinazoitwa prostaglandini. Dawa za kundi la diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali hizo hizo. Kwa mtu aliyekunywa maji ya kutosha huenda asione kitu. Kwa mzee aliyekauka siku mbili, mlango unabanwa wakati unahitaji kuwa wazi, na jerikani zinapungua.

Kipimo cha damu kilisema kreatinini 171. Kwa mwanamume kawaida haizidi 110 hivi.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilikuwa nimesoma kwamba kipimo hiki kinachelewa kusema ukweli, kwamba mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa mafigo ndipo namba ianze kupanda waziwazi. Niliwaza hospitali ya Kiruddu kule Kampala, wagonjwa wanaokwenda kusafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, saa nne kila mara, wengine wametoka mbali kuliko sisi. Niliwaza kwamba upandikizaji wa kwanza wa figo hapa nchini ulifanyika hospitali ya Mulago mwishoni mwa 2023, kabla ya hapo ilikuwa safari ya nje. Nikajikuta nashika ubavu wangu, napima kama nina la kutoa.

Mashine yenyewe ya kusafisha damu ina historia ya kukaa na mtu usiku. Daktari Willem Kolff aliitengeneza Uholanzi, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, mwaka 1943, kwa mrija wa selofani wa kutengenezea soseji aliouzungusha kwenye pipa. Kwa saa kadhaa mashine inachuja, lakini haiwezi kuita mali irudi. Haina wapagazi. Inabidi watu wapime chumvi kwenye maji ya upande wa pili iwe sawasawa na ya damu ili isitoroke. Figo linafanya hivyo usingizini.

Vidonge vilikwenda chooni. Mjomba alilala kwetu siku sita, akinywa maji kwa kunung'unika. Kipimo cha pili, 102.

Kijana wa maabara akasema tu, "Afadhali. Rudini baada ya mwezi."

## Chupa za barabarani

Ningependa kusema mjomba alikuwa mkaidi. Hapana. Alikuwa na sababu, na sababu yake ninayo mimi pia.

Nikisafiri Busia kwenda Kampala, karibu kilomita 200, situmii maji tangu usiku. Basi linasimama pale dereva anapotaka. Likisimama Namawojjolo, soko la kando ya barabara, wanaume wanageukia kichaka, sisi wanawake tunanunua ndizi za gonja na kukunja miguu. Mama mboga wa hapa sokoni hafungui kinywa mpaka saa kumi kwa sababu choo cha kulipia kinakula faida ya fungu moja la nyanya, na siku nyingine hata ukilipa huingii. Dereva kwenye foleni akishuka anaweza kurudi na kukuta turubai limekatwa. Ndiyo maana njia nzima ya malori imepambwa na zile chupa za manjano mnazozijua.

Mafigo hayajui foleni. Yanadondosha, mirija miwili ya sentimita 25 au 30 inasukuma matone kwa mawimbi, mara chache kwa dakika, umelala au umesimama. Kibofu kinatanuka kimya. Kikifika mililita 200 hivi kinabisha hodi ya kwanza, unaipuuza, kinanyamaza. Kinaweza kubeba 400, 500. Msuli wa ndani wa kuziba njia haukusikilizi wewe, ule wa nje ndio unakutii, na huo tunaufanyisha kazi kama punda. Kwa mwanamke njia ya kutokea ni sentimita 4 tu, vijidudu hupanda kwa urahisi, na mkojo mchache usiosuuza njia mara kwa mara unavisaidia. Kila mwaka nameza antibiotiki ya vijidudu hivyo. Nilidhani ni bahati mbaya.

Safari ya juzi ya Kampala nilikunywa nusu lita kabla ya kupanda. Mpaka Iganga nilikuwa nimejuta. Nilimwomba dereva asimame, abiria wakaguna, kondakta akaniuliza kama mimi ni mtoto. Akasimama lakini. Na wanawake wanne walishuka nyuma yangu, mmoja akiniambia kwa sauti ya chini, "Dada, Mungu akubariki, mimi tangu Bugiri."

Jana mchana nilikuwa nakula ofisini, posho na maharage, simu ikatoa mlio. Picha kutoka kwa mjomba, yuko Mtito Andei. Chupa ya plastiki ameishika mbele ya kioo cha lori, jua limepenya ndani yake. Rangi ya majani makavu, bado inafuka mvuke kidogo.

Chini ameandika: "Hii je?"

Nikaandika: "Bado. Ongeza maji. Na mjomba, shikamoo, usinitumie hizi saa saba mchana."

Akajibu kwa picha nyingine. Chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, imefunguliwa, imepungua vidole viwili.